Farasi wa Kahawia

Mjini kwetu baba yangu anaitwa Kahawia, na wengi wanaomwita hivyo hawajui kama ana jina jingine. Mgeni akiuliza jina hilo limetoka wapi, hupelekwa kwa fundi cherehani ambaye kibanda chake kinatazamana na mlango wa ukumbi wetu wa picha. Fundi ameisimulia hadithi hiyo mara nyingi mno, siku hizi anaweza kuisimulia huku amebana pini midomoni.

Husimulia hivi. Zamani, ukumbi ulikuwa ukionyesha picha za kauboi kila Jumapili saa tisa alasiri. Siku moja ikaletwa picha ambayo steringi, shujaa mwenyewe, anauawa mwishoni. Watu hawakuelewa. Maadui wafe, rafiki zake steringi wafe, hata farasi afe ikibidi, lakini steringi hafi. Akifa, wewe uliingia mle ndani kutafuta nini? Viti kumi na saba vilivunjwa siku hiyo. Miezi michache baadaye ikaja picha nyingine, na minong'ono ilikuwa imeshatangulia kwamba huyu naye anakufa. Ukumbi ukajaa pomoni. Watu walikuja na hasira zao tayari, kama mtu anayekwenda kazini na chakula chake cha mchana. Ikafika mahali steringi kasimama na farasi wake mweusi, maadui sita mbele yake, mkono uko juu ya bastola. Rili ya mkanda ikabadilishwa. Na papo hapo, bila risasi hata moja kulia, steringi akaonekana kwa mgongo, amepanda farasi wa kahawia, anajiendea zake taratibu kuelekea vilimani.

"Kimya kidogo," fundi husema, na hapa lazima atoe pini mdomoni. "Halafu mtu mmoja kule nyuma akasema, 'Jamani, kabadilisha farasi!' Basi. Ukumbi mzima ukalipuka. Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Tukaanza kuimba, 'Rudisha! Rudisha!' Na mzee kule juu kwenye mashine akarudisha. Yule mtu ni mjanja, usimwone vile. Aliona tutamvunjia viti, akatutafutia farasi."

Nilikuwemo. Nilikuwa na miaka tisa, kiti cha mbele kabisa, na niliimba "rudisha" mpaka sauti ikakauka. Nalisema mapema, mtu asije akadhani mimi nilikuwa na akili kuliko wenzangu.

Kuanzia siku hiyo farasi wa kahawia akawa desturi ya nyumba. Kipande chenyewe kilikuwa mkanda wa kujaribia mashine, wa dakika tatu tu, ambao baba aliupitisha kila asubuhi aone kama taa inawaka sawasawa na picha haitetemeki. Hakuna aliyejua umetoka kwenye picha gani. Ikija picha ya steringi anayekufa, baba alikata mwisho wake kwa mkasi, akagundisha pale dakika zake tatu, na steringi yeyote yule, mnene au mwembamba, mwenye kofia nyeupe au nyeusi, aliondoka mjini kwetu juu ya farasi mmoja. Watu walimngoja. Ikikaribia mwisho walianza kupiga miguu sakafuni: "Wa kahawia! Wa kahawia!" Miisho iliyokatwa, baba aliikunja moja moja na kuiweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Mpaka mwisho wa biashara ilikuwa kumi na mmoja.

Hakucheka hata siku moja juu ya jambo hilo. Fundi akianza kusimulia, baba alikumbuka ana kazi mahali. Mimi nilidhani ni ubahili wake tu, maana alikuwa mtu wa kubana kila kitu, hata kicheko.

Sikuwahi kuzipenda picha za kauboi, lakini nimekata tiketi dirishani miaka ishirini na tisa, kwa hiyo nawajua waliozipenda. Walikuja wapagazi, makarani, mafundi viatu, watu waliotumwa wiki nzima na kila mwenye sauti. Pale ndani walimkuta mtu asiyetumwa. Anaingia mji asioujua, hasemi jina lake, hamwombi mtu radhi, na jioni mambo yamenyooka. Lugha hawakuielewa na wala hawakuihitaji. Steringi mwenyewe alisema maneno kumi picha nzima. Jumatatu uliwaona wanatembea na vidole gumba vimechomekwa kwenye mikanda, mpaka msimamizi apige kelele. Fundi alishona vizibao kama vya steringi, zile fulana za vifungo bila mikono, mpaka akanunua cherehani ya pili. Jambo lile lilikuwa zuri, nakubali, ingawa mimi lilinichosha.

Nami nilikuwa na sababu yangu ya kukasirika na mtu anayekata miisho.

Mama alilazwa mwaka ule ule wa farasi. Niliambiwa ana homa. Siku moja baada ya ile Jumapili ya vicheko, nilipelekwa kwa shangazi, nikakaa huko wiki mbili nikila vizuri kupita kawaida. Niliporudi, nguo za mama hazikuwepo ukutani. Baba alichuchumaa mbele yangu, akaniambia mama amesafiri kwa matibabu, mbali, atakaa sana. Alipokuwa akisema hakunitazama machoni. Alinitazama hapa, katikati ya paji la uso, kama anasoma kitu kilichoandikwa pale. Nilingoja miezi minne. Nilimwekea mama peremende kwenye mfuko wa karatasi. Halafu siku moja kwenye foleni ya bomba la shule, msichana wa darasa la juu yangu akasema, "Mpisheni, huyu mama yake alikufa." Shule nzima ilijua. Mji mzima ulijua. Ni mimi tu niliyekuwa nimekatiwa mwisho.

Nilirudi nyumbani nikamuuliza baba. Akasema, "Ni kweli," akaingia chumbani. Tangu hapo hatukulizungumza tena, na mimi nilizeeka dirishani kwake, namuuzia tiketi, nampikia, namfulia, na sijamsamehe.

Biashara haikufa kwa siku moja. Kwanza wasambazaji walituambia kauboi hawatengenezwi tena kama zamani, farasi ni ghali na vijana wanataka ngumi na magari. Baba akasema, "Leteni za zamani." Wakaleta za zamani, zimechanika, mikwaruzo inanyesha kama mvua kwenye skrini hata jangwani. Halafu zikaja kanda za video, watu wakaangalia wakiwa wamelala kwenye makochi yao. Halafu simu. Nilimwambia baba tuonyeshe mpira, kila mtu anaonyesha mpira. Akanijibu, "Mpira unakwisha sare. Nani anatoka kazini kuja kutazama sare?" Jumapili zikaanza kuwa za watu arobaini, ishirini, kumi na wawili. Ilifika mahali nikawa nawajua wateja kwa kikohozi.

Jengo ni la Mama Vigae, mwenye duka la vigae na masinki lililo ukuta mmoja na sisi. Aliurithi ukumbi kwa baba yake. Si mtu mbaya. Utoto wake wote aliumalizia safu ya tano, kiti cha pembeni. Lakini vigae vyake vilikuwa vinalala nje chini ya maturubai, na ukumbi mkubwa ulikuwa unalaza popo. Akaja mwenyewe, akakaa na baba kwenye ngazi.

"Mzee, nisikilize. Sitaki kukutoa kama mbwa. Nijazie ukumbi Jumapili moja tu. Moja! Nikiviona viti mia tatu na kumi vina watu, nitajua bado ni biashara, nakuachia mwaka mzima. Usipojaa, mwisho wa mwezi naingiza mzigo wangu."

"Nikijaza?" baba akauliza.

"Nimesema mwaka. Mimi sina maneno mawili."

Baba alikuwa na miaka sabini na sita, jicho la kushoto halioni kitu, la kulia linaona nusu. Kwenye chumba cha mashine alitembea kwa mikono. Usiku huo hakula. Aliniambia, "Nikitoka mle ndani, nitakaa wapi mchana?" Na ingawa nilikuwa na donge langu la miaka yote, nilimwelewa. Hakuwa na mahali pengine duniani. Ukumbi ukifungwa, ningebaki namtazama akikaa ukingoni mwa kitanda amevaa viatu.

Nikaenda kwa msambazaji. Nikamkuta anakula karanga juu ya meza isiyo na karatasi hata moja. Nikamuuliza kama kuna kauboi mpya popote duniani. Akacheka, halafu akaona sitanii.

"Ipo moja. Imetoka mwaka huu. Lakini dada yangu, nikwambie ukweli, hata huko ilikotengenezwa haikuuza. Watu waliisifu sana magazetini, hawakwenda kuiona."

"Tupe."

"Haiji kwa rili. Inakuja na mashine yake, na fundi wetu, imefungwa kwa namba za siri. Hamwezi kuigusa. Haikatwi wala haiunganishwi."

Nikasema sawa. Baba aliposikia kuna kauboi mpya, alivaa koti. Akakodi kipaza sauti, akazunguka nacho mitaani siku tatu juu ya mkokoteni wa mtu, mzee mzima, akitangaza kwa ile sauti yake ya zamani: "Jumapili saa tisa! Kauboi mpya! Njooni na wajukuu! Na kwa Kahawia mnajua wenyewe!" Na watu walio vibandani waliitikia: "Steringi hafi!" Fundi cherehani aliandika tangazo kwa chaki kwenye mlango wake. Niliona vijana wanasimama kulisoma, nikaanza kutumaini, jambo ambalo nilikuwa nimeliacha.

Ijumaa asubuhi fundi wa kampuni akaja, mtu mwenye kipara na funguo nyingi kiunoni, akaifunga mashine yake kando ya zile mbili zetu za chuma. Akaijaribu picha mwanzo mpaka mwisho. Baba alikuwa kliniki ya macho. Nikakaa peke yangu kwenye viti mia tatu na kumi.

Ilikuwa picha ya mzee. Kauboi mzee anabeba tandiko la rafiki yake aliyekufa, anampelekea mjane, njia nzima. Anafika miji ambako hakuna anayemhitaji. Ng'ombe wanapakiwa kwenye treni, wachungaji wamekuwa walinzi wa maduka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu picha ya kauboi haikunichosha. Na mwishoni, anapigwa risasi moja ya kipuuzi na mtu ambaye hata hamjui, anaanguka kando ya hori la kunyweshea wanyama, na picha inabaki pale pale, inamtazama, dakika tatu nzima, mpaka anakata roho.

Nilikaa nimeshika tama. Baba alirudi saa sita, akapapasa ukuta mpaka akanifikia.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Nzuri?"

"Nzuri sana."

"Anakufa?"

Ningesema ndiyo, angemrudisha fundi wa kampuni na mashine yake siku hiyo hiyo. Alikuwa amewaahidi watu kwa kipaza sauti. Na bila picha hiyo ukumbi ulikuwa umekwisha, na yeye amekwisha.

"Hafi," nikasema. "Anaondoka zake."

Alinielekezea uso wake. "Sawa," akasema.

Nikapanga mpango wangu. Jumamosi nilichukua kipande cha farasi wa kahawia, nikakisafisha kwa kitambaa, nikakivalisha kwenye mashine yetu ya zamani, ile ya kulia ambayo taa yake bado inawaka. Nilihesabu. Picha ikifikisha saa moja na dakika hamsini na moja, steringi anafika kwenye hori. Pale pale ningeziba mwanga wa mashine ya kampuni kwa kipande cha kadibodi na kuwasha yetu. Nilimwambia fundi wa kampuni kwamba ni desturi ya nyumba. Akasema yeye ana amri ya mashine yake tu, ya kwetu haimhusu, na wakati huo angekuwa nje anavuta sigara. Nilikuwa nafanya kile kile nilichomchukia baba kwa ajili yake, tena kwa mashine na mkanda wake mwenyewe.

Jumapili watu walikuja. Niseme kweli, walikuja. Saa tisa kasoro dakika tano nilikuwa nimeuza tiketi mia mbili themanini na kitu, na foleni ilikuwepo bado. Wazee waliokuja na kofia zilizoliwa na nondo. Fundi cherehani na kizibao chake cha vifungo, hakifungi tena tumboni. Wajukuu, wachumba, walimu. Baba alisimama mlangoni anawagusa mabega wanapopita, anawatambua kwa sauti. Kama Mama Vigae angekuja saa tisa, leo ningekuwa naandika mambo mengine. Lakini yeye alisema atakuja wakati wa mapumziko, akishafunga duka.

Picha ikaanza. Dakika kumi za kwanza mzee yule alikuwa anafunga tandiko. Hasemi. Upepo tu. Nikasikia kiti kimoja kinajikunja, halafu kingine. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Huyu atapigana lini?" Watu wakacheka, si kicheko cha zamani. Saa kumi kulikuwa na mechi, na walioijua saa walianza kutoka wawili wawili, wameinama kwa heshima, simu zao zinawamulika kidevuni. Wengine waliwafuata kwa sababu waliona wengine wanatoka. Wakati wa mapumziko nilipowasha taa, waliobaki walikuwa tisini hivi, wametawanyika, kila mmoja na upweke wake.

Mama Vigae alisimama mlangoni. Hakuhesabu. Alitembea mpaka kwa baba, akamshika mkono wa koti.

"Mzee wangu, nimeona."

"Wengine wametoka kunywa maji," baba akasema.

"Nimeona, mzee."

Baba akatikisa kichwa taratibu. Yule mama alikwenda safu ya tano, kiti cha pembeni, akakaa na mkoba wake mapajani. Nikazima taa kwa sababu sikutaka kuuona uso wa mtu yeyote.

Nilipopanda chumba cha mashine, baba alikuwa ameshapanda. Nilimkuta amesimama kati ya mashine, kiganja chake kiko juu ya ile ya kulia, kwenye rili niliyoivalisha. Alikuwa anaipapasa.

"Umeniwekea farasi," akasema.

Fundi wa kampuni alikuwa ameshatoka na sigara yake. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Kule chini steringi alifika mji wa mwisho, mjane akapokea tandiko, na wazee wakaanza kupiga miguu polepole, maana hawajasahau kazi yao. Tisini tu, lakini sakafu ya mbao ilitetemeka. "Wa kahawia! Wa kahawia!" Nikaokota kadibodi.

Baba akanishika kifundo cha mkono. Sikujua bado ana nguvu zile.

"Acha."

"Baba, anakufa. Nilikudanganya."

"Najua. Nilikuuliza Ijumaa ukanitazama hapa." Aligusa paji la uso wake. "Jicho langu ni bovu, lakini hilo nalijua hata gizani. Ni langu."

"Niachie basi. Utawavunja moyo."

"Acha waone. Na mimi nione."

Risasi ikalia. Miguu iliendelea kupigwa kwa muda, halafu ikawa michache, halafu mmoja tu, nadhani wa fundi cherehani, halafu ukakoma. Baba aliegemeza uso wake kwenye kitundu cha ukutani na jicho lake moja. Dakika tatu ni nyingi. Hakuna aliyevunja kiti. Taa zilipowaka waliinuka bila kutazamana, wakatoka kama watu wanaotoka wodini. Mama Vigae alikuwa wa mwisho, na alitembea akifuta pua.

Nilitaka kushuka. Baba akasema, "Kaa." Palikuwa na stuli moja, nikakaa, yeye akabaki amesimama, ameshika mashine.

"Siku ile ya farasi," akasema, "mhudumu wa wodi alipanda ngazi hizi. Mtu mrefu, wa viatu vyeupe. Alisimama hapo ulipo. Rili iliyokuwa inakwenda ilikuwa imebakiza dakika mbili, ya mwisho ipokee. Akaniambia, mkeo anakuita, njoo sasa hivi, hali si nzuri. Nikamwambia namalizia rili moja. Nikanyoosha mkono rafuni huku namtazama yeye. Sikutazama nilichoshika."

Nilielewa taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye nguo.

"Hukufanya makusudi," nikasema.

"Makusudi ya wapi! Nilitaka yule steringi afe haraka, wavunje viti vyao, mimi niende hospitali. Ikatoka ile ya kujaribia. Nikashtuka, nikataka kuzima. Halafu wakacheka." Aligusa kitundu cha ukutani. "Mwanangu, watu mia tatu na zaidi. Wamejaa mpaka kwenye njia. Wanafurahi, na ni mimi niliyewafurahisha. Wakasema rudisha. Nikachungulia hapa kitunduni nikakuona. Umesimama juu ya kiti, mikono juu, unapiga kelele nirudishe. Wiki tatu ulikuwa hucheki."

"Ukarudisha."

"Nikarudisha."

"Mara ngapi?"

"Mbili. Mhudumu amesimama hapo."

Kule chini popo mmoja alikuwa ameshaanza kuzunguka. Nilisikia mbawa zake.

"Nilipofika walikuwa wameshamfunika. Muuguzi akaniambia, amekuita sana, ungewahi dakika tano tu. Ningeondoka walipocheka mara ya kwanza, bila kurudisha, ningemkuta. Na nilipokuja kukuambia, niliona siwezi kusema amekufa bila wewe kuniuliza saa ngapi. Na ningekwambia saa ngapi, ungejua ulikuwa unafanya nini saa hiyo."

Hasira ilinipanda hadi masikioni. "Kwa hiyo ni mimi?"

"Hapana. Ni mimi. Wewe ulikuwa mtoto umesimama kwenye kiti."

Nililia kwa sauti, nina miaka arobaini na saba, kwenye stuli. Alinyoosha mkono akapapasa hewani mpaka akakipata kichwa changu, akauacha pale. Hakuniomba nimsamehe. Baadaye nilimshika mkono tukashuka ngazi, kumi na nne, akizihesabu kwa mdomo, na nje bado palikuwa mchana.

Mwisho wa mwezi vigae viliingia. Mama Vigae aliacha viti vya safu ya tano, anakalisha wateja. Kopo la maziwa liko chini ya kitanda cha baba, na baba anakaa ukingoni mwa kitanda hicho amevaa viatu, kama nilivyojua atakaa. Kipande cha farasi sikukitafuta. Nadhani kilikwenda na mashine kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Wiki iliyopita nilipeleka sketi yangu kwa fundi ipunguzwe. Alinipima kiuno, akaandika, halafu akaikunja tepu yake polepole.

"Nikuulize kitu, dada. Ile siku ya mwisho, mbona mzee hakutuletea wa kahawia? Sisi tulipiga miguu. Nilipiga mpaka goti likauma. Tulimkosea nini?"

Alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja majibu ya maabara. Nikamtazama katikati ya paji la uso.

"Mashine iliharibika," nikasema. "Ya kulia. Alihangaika nayo sana."

"Nilijua!" Alipiga meza kwa kiganja, pini zikaruka. "Nilimwambia mke wangu, yule mzee hawezi kutufanyia vile. Nilijua tu ni mashine."

Mgeni aliyekuwa anangojea suruali yake akauliza ni mzee gani huyo na farasi gani. Fundi akavuta stuli, akakaa, akaweka pini midomoni. Nikachukua mkoba wangu nikatoka upesi, nivuke barabara kabla hajafika pale ninaposimama juu ya kiti.